Mguu Usiopiga

Jioni ya leo nimekuja kuzungumza nanyi habari za teke. Najua ya kuwa wazee wengine watacheka na kusema, "Teke! Hata punda hujua kupiga teke bila kufundishwa." Ni kweli, punda hana mwalimu. Lakini punda ana miguu minne. Apigapo teke kwa miwili, miwili iliyobaki humshika ardhini. Mwanadamu amepewa miwili tu, naye apigapo teke hubaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Shida yote ya teke huanzia hapo, na mimi nami nitakaa hapo hapo jioni hii.

Nataka nianze kwa kisa cha kweli. Tarehe 19 Agosti, mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki iliyofanywa Rio de Janeiro, nchi ya Brazili, watu wawili walikutana katika shindano la mwisho la taekwondo, mchezo wa Kikorea ambao kwa sehemu kubwa huchezwa kwa mateke. Lilikuwa shindano la wanaume wenye uzito usiozidi kilo 80. Mmoja alikuwa Lutalo Muhammad wa Uingereza, na wa pili Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa, ndiyo nchi iitwayo Pwani ya Pembe, huko Afrika ya Magharibi. Wakati ulikuwa karibu kwisha. Muhammad alikuwa na alama 6, na Cissé alama 4. Ikabaki sekunde moja. Katika sekunde hiyo Cissé alijizungusha akampa mwenzake mgongo, na mara mguu wake ukatokea upande wa pili ukampata kichwani. Kwa sheria za wakati ule, teke la kujizungusha likifika kichwani huhesabiwa alama 4. Basi akashinda kwa alama 8 kwa 6, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ambayo nchi yake ilipata katika Olimpiki. Siku hiyo hiyo msichana wa nchi hiyo, Ruth Gbagbi, alipata medali ya shaba katika mchezo huo huo, kwa hiyo wasichana wasidhani ya kuwa maneno yangu ni ya kaka zao peke yao.

Picha za teke lile zimetazamwa na watu wengi duniani, na kila azitazamaye huutazama mguu uliopiga. Mimi nawasihi, mkizipata, mtazame ule mwingine. Mtaona ya kuwa kabla mguu wa juu haujaenda mahali, mguu wa chini umekwisha kufanya kazi: umekanyaga, umegeuka juu ya sehemu ya mbele ya wayo, umeubeba mwili mzima na kuuzungusha kama pia. Mguu wa juu ulipata sifa, lakini aliyefanya kazi ni yule wa chini. Nimewafundisha vijana miaka mingi, na kila mwaka huja kijana kuniambia, "Mwalimu, teke langu halina nguvu," au "Mwalimu, teke langu halipandi." Nami kila mara huanza kwa kuutazama mguu ambao yeye hakuutaja.

Hapa kwenye radio sina njia ya kuwaonyesha, kwa hiyo nawaomba wale wanaoweza wasimame. Nawe usomaye maneno haya kitabuni, ukisha kuyasoma kiweke kitabu mezani, ujaribu. Simama kando ya kiti, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Inua goti la kulia hata lifike usawa wa kiuno. Sasa achia kiti, uhesabu polepole mpaka 20.

Umeona nini? Wengi wenu mmeanza kutikisika kabla ya kufika 10. Vidole vya mguu vimeshikilia sakafu kama makucha ya kuku, kifundo kinacheza huku na huku, na nyonga ya upande uliosimamia imetokeza nje. Hizi ni dalili za mguu usiojua kusimama. Sasa jaribu tena, na safari hii kunja kidogo goti la mguu unaosimama, usilikaze kama mti. Kisha angalia uzito wako umekaa wapi juu ya wayo. Yapasa ukae mahali patatu: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole kidogo. Ni kama mafiga matatu. Figa moja likiondoka, chungu humwagika. Ukihesabu tena hivyo utaona tofauti, labda si kubwa siku ya kwanza, lakini utaiona.

Mtu asiyeweza kuhesabu 20 katika hali hiyo pasipo kushika kiti, hana haja bado ya kujifunza teke la juu. Najua neno hili ni chungu kwa vijana. Wao wameona picha za sinema, wameona mtu anaruka na kupiga watatu kabla hajashuka, nao wataka kuanzia hapo.

Sasa tuliangalie teke la mbele, lile ambalo Wajapani wenye karate huliita mae geri. Teke hili huonekana rahisi, na kwa sababu hiyo huharibiwa na watu wengi. Asiyefundishwa huutupa mguu wake wote kutoka chini, umenyooka, kama mtoto apigaye mpira. Mguu uliotupwa hivyo huonekana mapema, kwa kuwa huanza safari yake mbali. Tena kifua humrudi nyuma, na kama akikosa, huvutwa na uzito wa mguu wake mwenyewe hata akaanguka. Njia iliyo sawa ni kuinua goti kwanza. Goti lipande mbele yako, limekunjwa, kisigino kikiwa karibu na paja, na goti lenyewe lielekee mahali unapotaka kupiga. Hapo ndipo mguu hukunjuka, ukapiga, ukakunjwa tena, kisha ukashushwa. Mambo ni manne: kuinua, kukunjua, kukunja, kushusha. Katika hayo manne, mwanafunzi hupenda moja tu, lile la pili.

Kwa nini goti litangulie? Mtazameni mtu apigaye mjeledi nyuma ya ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Haendi mbele na mjeledi wake mpaka mwisho; huusukuma mpini, kisha huuzuia, na mwendo wa mpini uliozuiwa hupita katika kamba mpaka kwenye ncha, na ncha ndiyo iliayo. Mguu wa mwanadamu hufanya vivyo hivyo. Wataalamu wamepiga picha za haraka sana za watu wapigao mateke na kuzipima, wakaona ya kuwa paja ndilo liondokalo kwanza, na wakati paja linapopunguza mwendo, sehemu iliyo chini ya goti huzidisha mwendo, hata wayo wa mtu aliyezoea hupita mita 10 kwa sekunde moja. Sasa, wanafunzi mliojifunza elimu ya mwendo mwakumbuka: kitu kikiongezwa uzito mara mbili, nguvu ya mwendo wake huongezeka mara mbili; lakini mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu kijana mwembamba aliyejifunza vizuri aweza kupiga teke zito kuliko mtu mnene anayesukuma mguu wake kama gogo.

Lakini ncha ya mjeledi haiwezi kulia kama mjeledi wenyewe ni mti mkavu. Mtu akikaza musuli zote za paja tangu mwanzo, kwa kudhani ya kuwa huko ndiko kutia nguvu, hujizuia mwenyewe. Musuli za nyuma ya paja huvuta nyuma wakati zile za mbele zinavuta mbele, naye huchoka upesi wala hapigi kitu. Mguu uende umelegea, ukazwe wakati wa kugusa tu, kisha ulegee tena. Na vidole vya mguu vivutwe nyuma, ili kinachogusa kiwe ile nyama ngumu iliyo chini ya mashina ya vidole. Asiyevivuta vidole atakumbuka maneno yangu siku ya kwanza atakapokutana na kiwiko cha mtu.

Juu ya kukunja mguu baada ya kupiga nitasema neno moja tu, kwa kuwa halihitaji mengi. Mguu uliobaki hewani ni mali ya adui. Ataushika, nawe utabaki unarukaruka kwa mguu mmoja huku watu wakicheka.

Sasa nafika kwenye teke la mzunguko, na hapa sina budi kusimulia habari zangu mwenyewe, ingawa hazinipi sifa. Nalikuwa kijana wa miaka 17. Palikuwa na mwembe karibu na nyumba yetu, na tawi moja lilining'inia chini hata majani yake yakafika usawa wa kichwa changu. Kila jioni nalipiga majani yale kwa teke la mzunguko, wadogo zangu wakinitazama. Jioni moja baada ya mvua, nalivaa viatu vyangu vipya vya mpira, maana naliona fahari, nikapiga teke kwa nguvu zangu zote. Mguu wa juu ulikwenda. Kiuno kilikwenda. Lakini kiatu cha chini kilikuwa kimezama katika udongo mbichi, kisigeuke. Nalisikia mlio ndani ya goti kama mtu avunjaye kijiti, nikaanguka. Jani halikuanguka. Nalitembea kwa mkongojo muda wa wiki sita, na hata leo nikipanda ngazi ndefu goti lile hunikumbusha ule mwembe.

Kosa lilikuwa nini? Goti ni bawaba. Bawaba ya mlango hufungua na kufunga, haikutengenezwa kusokotwa. Katika teke la mzunguko mwili wote hugeuka, na kama wayo wa chini haugeuki pamoja nao, pana mahali pamoja tu pa kusokotwa, napo ni kwenye goti la mguu unaosimama. Kano za goti zikivutwa hivyo huumia, pengine hukatika. Kwa hiyo wayo wa chini lazima ugeuke, tena ugeuke mapema, kabla ya teke kufika. Inua kisigino kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita, uzito uwe mbele ya wayo, kisha zungusha kisigino kielekee kule unakopiga. Ulipoanza, vidole vya mguu huo vilimwelekea mwenzako; teke lifikapo, vidole vimeelekea ubavuni au hata nyuma zaidi, na kisigino ndicho kinachomtazama. Nimewaona wachezaji wa ndondi za Kithai, ambao teke la mzunguko ndilo silaha yao kubwa, wakifanya hivyo hivyo: huinuka juu ya sehemu ya mbele ya wayo na kuzunguka, kama mtu akanyagaye kijinga cha moto kukizima.

Njia ya kujifunza jambo hili ni kuacha kupiga teke kabisa. Simama miguu peku juu ya sakafu laini ya saruji, shika ukuta kwa vidole vya mkono, ugeuze kisigino tu na kukirudisha. Fanya mara 20 kwa mguu wa kushoto na mara 20 kwa wa kulia. Ukisha kuzoea, inua goti la pili pamoja na kugeuka. Usifanye juu ya mkeka uliotandikwa ovyo, maana mkeka huenda nawe. Na kama huna ila uwanja wa udongo au majani, basi kisigino kipande zaidi, na kasi ipungue. Najua kazi hii haipendezi kutazamwa, na wadogo zako hawatakuja kuitazama.

Kijana aliyeniambia "Mwalimu, teke langu halipandi" naye anangoja jibu lake. Yeye hudhani ya kuwa mishipa yake ni mifupi, na ya kuwa wenzake walizaliwa na mishipa mirefu. Pengine. Lakini kwanza na ajaribu jambo hili. Asimame wima, ashike ukuta, vidole vya miguu yote miwili vikitazama mbele, kisha auinue mguu mmoja ubavuni polepole mpaka ukatae. Aangalie umefika wapi. Sasa aushushe, ageuze vidole na goti la mguu huo vitazame juu kidogo, auegemeze mwili upande wa pili, na auinue tena. Wengi huona mguu unapanda kupita pale pa kwanza, na mishipa ni ile ile. Sababu yake ni mifupa. Karibu na kichwa cha mfupa wa paja pana nundu, na mguu uinuliwapo ubavuni moja kwa moja nundu hiyo hukaribia mfupa wa nyonga na kubana nyama zilizo kati yao. Nyonga ikigeuzwa, njia hufunguka. Kwa hiyo teke la juu si jambo la kuvuta mishipa tu; ni jambo la kufungua mlango kabla ya kupita. Na nyonga haiwezi kugeuka kama mguu wa chini haujageuka. Mwaona tumerudi pale pale.

Hata hivyo mishipa nayo hunyoshwa, na hapa nina shaka na hofu, maana nimeona madhara. Katika jumba moja nilikojifunza zamani, ilikuwa desturi kuwakalisha wanafunzi chini, miguu imepanuliwa, kisha mwenzake mmoja humsukuma mgongoni hata kifua kiguse sakafu. Aliyelia aliambiwa si mwanamume. Tulikuwa na mwenzetu wa miaka 14, mwepesi, mcheshi, mwenye teke zuri kuliko sisi sote. Siku moja walimsukuma watu wawili. Tulisikia mlio. Alishika chini ya kitako, uso ukawa kama majivu, asiseme neno. Daktari alieleza ya kuwa mishipa haikukatika. Ilikuwa imeng'oa kipande cha mfupa pale iliposhikamana na nyonga. Maana mtoto aliye katika kukua, mifupa yake ina mahali palipo laini bado, ambapo huja kuwa pagumu akisha kukomaa. Na katika miaka hiyo mahali hapo ni dhaifu kuliko mshipa wenyewe. Yule kijana alipona, akatembea, lakini jumbani hakurudi tena. Nami ni mmoja wa wale wawili waliomsukuma.

Kwa hiyo nawaambia walimu na kaka wakubwa: mtoto asisukumwe. Ajinyoshe mwenyewe, kwa kadiri awezavyo kupumua bila kuzuia pumzi. Kwanza mwili upashwe moto: akimbie kidogo, aruke kamba, hata jasho jepesi limtoke. Kisha azungushe miguu mbele na nyuma, ubavu kwa ubavu, akianzia chini na kupandisha kidogo kidogo. Ule mnyosho wa kukaa kimya muda mrefu uwekwe mwisho, baada ya mazoezi. Wataalamu wamepima jambo hili mara nyingi, wakaona ya kuwa mshipa ulionyoshwa kimya kupita dakika moja, kisha ukatakiwa kuruka au kupiga papo hapo, hupungukiwa na nguvu kwa muda. Na aliye mgumu asikate tamaa. Mwili hukubali kunyoshwa kila siku kidogo, hata mtu mzima, lakini hukataa kunyoshwa kwa hasira siku ya Jumamosi.

Tena, nani aliyesema teke lazima lipande kichwani? Katika kisiwa cha Okinawa, ambako karate ilikulia, mateke ya zamani yaliyomo katika mafundisho yao mengi yalipigwa chini ya kifua: tumboni, kinenani, gotini. Mwalimu wao mmoja mashuhuri, Itosu Anko, aliyeingiza karate katika shule za kisiwa kile, aliandika barua mwaka 1908 yenye mambo 10 juu ya mafunzo hayo, akasema ya kuwa karate haifundishiki upesi, na ya kuwa mtu atakayejizoeza saa moja au mbili kila siku ataona mwili wake umebadilika baada ya miaka mitatu au minne. Miaka mitatu au minne! Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuwaonyesha Wajapani wa bara mchezo ule, akabaki huko akifundisha. Mateke ya juu, ya mzunguko na ya ubavuni, yalikuja kupata nafasi kubwa baadaye, na wengi humhesabu mwanawe, Yoshitaka, aliyekufa mwaka 1945, kuwa ndiye aliyeyaendeleza. Na huko Korea jina la taekwondo lilichaguliwa mwaka 1955, na mchezo wenyewe ukahesabiwa rasmi katika Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Basi teke la kichwani, ambalo vijana hudhani ni la kale kama milima, katika karate halijawa na umri mkubwa hivyo. Mimi silidharau, Cissé hakupata dhahabu yake kwa kupiga goti la mtu. Nasema tu lina zamu yake.

Mazoezi ya kila siku yawe namna gani? Jambo nililoliona lina faida kupita yote ni teke la polepole. Shika kiti au ukuta, inua goti kwa kuhesabu 5, kunjua kwa 5, ukae hapo kwa 5, kunja kwa 5, shusha kwa 5. Mateke matano hivyo kwa kila mguu huchosha kuliko 50 ya haraka, kwa sababu mwendo wa haraka huficha makosa na wa polepole huyatoa hadharani. Nyonga ikitoka, utaiona. Goti likianguka, utaliona. Na paja litawaka moto, nalo ndilo lifanyalo kazi ya kupandisha teke. Maana kuna watu wawezao kuvuta mguu wao kwa mikono ukafika sikioni, lakini wakiuachia huanguka mpaka kiunoni. Hao hawakukosa ulaini, wamekosa nguvu ya kuushikilia huko juu.

Baada ya wiki kadhaa za kazi hiyo, piga teke la haraka, lakini machache, na ukiona la mwisho ni baya kuliko la kwanza, acha. Mwili hujifunza kila kitu unachoufundisha, hata ubaya. Mwanafunzi apigaye mateke 200 na 150 ya mwisho yakawa ya kujikokota, amejifundisha kujikokota mara 150.

Kupiga kitu nako kunafaa, kwa kuwa hewa haimwambii mtu kama amekosa. Tengeneza gunia, ulijaze matambara au pumba, wala si mchanga mtupu, maana mchanga hushuka chini ukawa jiwe. Husimuliwa ya kuwa huko Thailand mabondia wa zamani walijizoeza kwa kupiga migomba. Msicheke, mgomba ni laini, una maji mengi, huumeza mguu. Lakini nimemwona kijana aliyesikia habari hiyo akaenda kupiga mnazi. Mfupa wa muundi huwa mgumu kwa kugongwa kidogo kidogo muda wa miaka, wala hauwi mgumu kwa siku moja ya ushujaa. Na wale wanaojisugua miundi kwa chupa na fimbo, ngozi huumia na damu huvia, na mimi sijaona teke lililotengenezwa kwa chupa.

Kama mnafanya mazoezi watu wawili, mmoja ashike mto mnene uliofungwa vizuri, akae ubavu, asiushike mbele ya uso wake. Apigaye asimame mbali kiasi cha mguu wake kunyooka karibu wote, usibaki wote, ili goti lisipigwe kinyume. Nao wabadilishane kila baada ya mateke 10, kwa kuwa ashikaye mto huona mguu wa mwenzake vizuri kuliko mwalimu aliye mbali. Amwambie kwa adabu, "Ndugu, kisigino hakikugeuka." Naye aliyeambiwa asikasirike.

Kwa wiki hii nawapa kazi moja ndogo. Kila asubuhi mpigapo mswaki, simameni kwa mguu mmoja, goti la pili juu. Mkono wa kulia mswaki, mguu wa kushoto chini. Katikati ya kazi badilisheni mguu. Wa nyumbani watauliza mna nini. Waambieni mnajifunza teke. Mkiweza kumaliza meno yote pasipo kushika ukuta, fumbeni macho mwanze tena, mtaona kifundo cha mguu kina habari nyingi ambazo macho yalikuwa yakikuficheni. Aliye na goti bovu, kama langu, asimame karibu na ukuta.

Kwa herini.